Chini ya Boti Kuna Boma la Mtu

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Maneno mia nane kuhusu safari ya boti Ziwa Baringo, shilingi 1,500, malipo kwa simu kazi ikikubaliwa. Aliyenipa ni jamaa anayepanga safari za wikendi za vijana kutoka Eldoret. Unajua zile: matatu ya kukodi, spika kubwa nyuma, tisheti za rangi moja, mnaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku mkiwa mmekauka koo. Alinitumia video ya sekunde thelathini iwe mfano. Boti nyeupe ilikuwa ikipita polepole katikati ya milima ya mawe, ukungu umeshuka hadi majini, watalii wamejifunga skafu na kushika vikombe vya kahawa. Pwani ya Norwe hiyo, huko kaskazini ya dunia. "Nataka hiyo vibe," akaniandikia. "Mtu asome aone ni Norwe, lakini ya elfu mbili na mia tano, lanchi ndani."

Mimi ni mtu wa Plateau. Ukungu naujua. Mwezi wa saba hapa kwetu unaweza kusimama steji na usione mahindi yaliyo ng'ambo ya barabara. Maji makubwa ndiyo siyajui. Sisi watu wa huku juu bahari tunaiona kwa simu, na ziwa tunaliona mara moja kwa mwaka, tukiwa na marafiki na kamera. Kwa hiyo niliomba nafasi kwenye safari moja ili niandike nilichokiona. Tulikuwa kumi na wanne. Tulisimama Iten tukanywa chai na kupiga picha chini ya lile lango la mabingwa. Tukateremka Tambach hadi Bonde la Kerio, ambako baridi iliisha ghafla na masweta yakaanza kuvuliwa. Tukapanda tena Kabarnet, tukashuka Marigat, na kabla ya saa sita tulikuwa Kampi ya Samaki tukivalishwa jaketi za kuelea.

Ukungu haukuwepo. Lakini kulikuwa na visiwa vya miamba, kulikuwa na mvuke kwenye chemchemi za maji moto za kisiwa cha Kokwa, na safu ya Laikipia ilikuwa imesimama upande wa mashariki. Mzee wa boti alichukua samaki, akamdunga kipande cha mti mwepesi ili asizame, akapiga mluzi na kumrusha. Tai akashuka kutoka mtini, akamnyakua mbele ya simu kumi na nne. Tulipiga kelele kama tumeshinda mechi. Sitasema uongo: pale ni pazuri.

Halafu tukaingia kwenye miti iliyokufa. Migunga mikavu, myeupe, imesimama ndani ya maji, ndege weusi wamejaa juu. Mzee akapunguza injini mpaka tukawa kama tunasukumwa na upepo.

"Hapa tunaenda pole," akasema. "Kuna mabati chini."

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wa kuchangamsha wageni. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye.

"Mabati ya nini, mzee?"

"Ya nyumba, kijana."

"Nyumba ya nani?"

"Jirani yangu. Sasa amepanga chumba Marigat." Akaelekeza kidole mbele kidogo ya ile miti. "Mimi nilikuwa pale."

Pale alipoelekeza palikuwa maji tu. Nyuma yetu dada mmoja alikuwa anamwambia mwenzake amsogelee kwa picha, kwa sababu ile miti ilikuwa inakaa filamu. Na mimi nikapiga picha yangu. Nikaiposti jioni hiyo kabla hatujafika Kabarnet, na kapsheni ya maneno mawili: amani tupu. Nilipata moyo mia moja na kitu. Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua, na ndiyo sababu naandika haya.

Ziwa Baringo halikuwa hivi. Kwa miaka zaidi ya kumi maji yamekuwa yakipanda, na ifikapo 2020 ziwa lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya thuluthi moja ya ukubwa liliokuwa nao 2010. Lilimeza loji na kambi za watalii zilizokuwa ufukweni: Roberts Camp, Soi Safari Lodge, Lake Baringo Club. Hizo zilipigwa picha sana kwa sababu mgeni anazijua. Lakini upande wa Salabani na Ng'ambo, kwa Wailchamus, maji yalifunika shule, zahanati, malisho, mashamba, makaburi na maboma. Viboko na mamba waliingia mahali ambapo zamani watoto walichunga mbuzi. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 kuhusu kufurika kwa maziwa ya Bonde la Ufa na Ziwa Victoria ilihesabu familia zaidi ya 75,000 zilizoathirika. Sababu ilizozitaja ni kadhaa: mvua iliyozidi kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, udongo unaosombwa kutoka milima iliyonyolewa misitu, na mienendo ya ardhi ya Bonde la Ufa yenyewe. Baringo halina mto unaotoa maji yake nje juu ya ardhi.

Nikaandika makala yangu. Nikaweka tai, nikaweka mvuke, nikaweka miamba. Na nikaweka aya moja, moja tu, kuhusu mabati. Niliandika kwamba ukifika kwenye miti iliyokauka, chini ya boti kuna nyumba za watu walio hai, na kwamba mzee anayekupeleka huenda ni mmoja wao.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. "Bro, kazi iko fiti, lakini toa hiyo aya. Inaleta huzuni. Watu wanalipa wasahau shida."

Niliitoa. Nilikuwa na deni la kodi. Pesa ikaingia, makala ikatoka, na jina langu liko juu yake.

Lakini ile sentensi imenikaa. Watu wanalipa wasahau shida. Shida za nani? Sisi tuliokuwa kwenye matatu tulikuwa na zetu, ndiyo: kazi haipatikani, mkopo wa simu umeiva, mzazi anauliza unafanya nini na maisha yako. Hizo tulistahili kuzisahau kwa siku moja. Lakini tulichouziwa si kusahau shida zetu. Tuliuziwa shida ya mtu mwingine ikiwa imepakwa rangi ya mandhari, halafu tukaambiwa tusiulize. Miti ile haikukauka ili picha yangu iwe na mvuto. Ilikauka kwa sababu ilizama, na ilizama pamoja na ua la mtu.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu mahali penye hesabu ndipo uongo huchoka. Kumi na wanne mara 2,500 ni shilingi 35,000. Tulipanda boti mbili, 3,000 kila moja. Mzee alituambia boti si yake. Yeye huondoka na mia tano kwa safari. Mia tano. Mimi nililipwa mara tatu ya hiyo kuandika kuhusu ziwa lake na kumfuta ndani yake. Ukitoa mafuta na chakula, kilichobaki kilipanda tena mlima kurudi Eldoret pamoja nasi. Aliyepoteza shamba ndiye anayepata kidogo kuliko wote, na kazi yake ni kutuzungusha juu ya shamba hilo.

Najua mtakachosema, kwa sababu marafiki zangu wameshakisema.

La kwanza: wacha watu wajienjoy, si kila kitu lazima kiwe siasa. Sawa. Lakini mwaka 2022, wakazi zaidi ya 60 wa Baringo, Wailchamus na Watugen, walienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi wakiishtaki serikali kwa kutowakinga na kutowafidia baada ya ziwa kuwafukuza. Walitegemea, pamoja na mengine, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Unajua mahakama hiyo iko wapi? Iten. Palepale tuliposimama tukanywa chai. Tulipiga picha chini ya lango, tukarudi kwenye gari, tukaendelea na muziki. Hatukuleta siasa kwenye safari. Safari yenyewe ilipita mlangoni mwa kesi. Tulichofanya ni kuongeza sauti ya spika.

La pili: maji yaliletwa na Mungu, hakuna wa kulaumiwa. Hili nalijibu kwa heshima kwa sababu hata nyumbani kwetu linasemwa. Mvua ni ya Mungu. Lakini nani afidiwe, nani ahamishiwe wapi, shule mpya ijengwe lini, ada ya kuingia ziwani iende mfuko gani, hayo hayaamuliwi mbinguni. Yanaamuliwa ofisini, na watu wenye mihuri. Na misitu ya huku juu haikukatwa na malaika.

Isitoshe, tunajua serikali na wahisani wanaweza kuokoa wakitaka. Mwaka 2011 twiga wanane aina ya Rothschild walipelekwa Longicharo, kwenye hifadhi ya jamii ya Ruko, ili kizazi chao kirudi Baringo. Maji yalipopanda, ile rasi ikawa kisiwa na twiga wakakwama. Kikaundwa chelezo cha chuma kikielea juu ya madramu 60 matupu, na kuanzia Desemba 2020 wakavushwa mmoja mmoja. Wa kwanza anaitwa Asiwa. Kufikia Aprili 2021 wote tisa walikuwa nchi kavu. Dunia nzima ilitazama, na ilikuwa kazi nzuri. Jamii yenyewe ilishiriki. Sina ugomvi na twiga. Ugomvi wangu ni huu: mimi, kijana wa Plateau, nilikuwa nalijua jina la twiga wa Baringo kabla sijajua jina la kijiji kimoja kilichozama. Twiga alipata chelezo na jina kwenye magazeti. Jirani ya mzee alipata chumba cha kupanga Marigat, na kodi analipa mwenyewe.

La tatu ndilo zito: usipoenda, huyo mzee atakula nini? Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi msiende. Anayesema msusie Baringo anaongea akiwa ameshiba. Mzee aliniambia alikuwa na mahindi na mbuzi. Sasa ana hiyo mia tano, siku ambazo wageni wapo. Ukimnyima mgeni umemzamisha mara ya pili. Ninachosema ni kwamba hoja hiyo hutumiwa na wale wanaobaki na elfu ishirini na kitu. Wanajificha nyuma ya mia tano ya mzee. Kama kweli tunamjali, tungeanza kwa kumlipa vizuri na kumwacha aongee.

Kuongea ndiyo sehemu isiyogharimu kitu, na ndiyo wanayoiogopa zaidi. Jamaa yangu alitaka Norwe. Twende basi Norwe. Kule kuna ghuba nyembamba inaitwa Geirangerfjord, milima imesimama pande zote mbili, boti za watalii zinapita chini. Juu kwenye miamba kuna mashamba ya zamani yaliyoachwa, Skageflå, Knivsflå. Watalii huelezwa majina hayo na habari zake. Huambiwa kwamba watu wa Knivsflå waliondoka mwishoni mwa karne ya 19 wakihofia mwamba ulioning'inia juu ya paa zao. Mwaka 1993 mfalme na malkia wa nchi hiyo walisherehekea miaka 25 ya ndoa yao huko Skageflå, kwenye shamba la wakulima waliohama. Mashamba yaliyoachwa ndiyo utamu wa safari. Hakuna anayesema yanaleta huzuni, yatolewe. Sisi tuliiga ukungu na skafu, tukaacha kuiga heshima.

Tena sisi tuna sababu kubwa kuliko wao. Watu wa Knivsflå walishakufa zamani. Watu wa Ng'ambo wako hai na wana nambari za simu.

Na isisemwe kwamba hatukuonywa. Kusini kidogo ya Baringo kuna Ziwa Bogoria. Miaka ya 1970 Waendorois waliondolewa kando ya ziwa hilo ili kupisha hifadhi ya wanyama, ambayo leo watu huenda kutazama heroe na maji yanayochemka. Walidai haki yao hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba Kenya iliwakosea: warudishiwe ardhi yao, walipwe fidia, wapate sehemu ya mapato. Uamuzi huo mpaka leo haujatekelezwa wote. Bogoria watu waliondolewa na serikali, Baringo waliondolewa na maji. Njia ni mbili lakini mwisho ni mmoja: mwenyeji anatoka, mgeni anaingia na tikiti, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka kwamba pale paliishi mtu. Hivyo ndivyo kivutio kinavyotengenezwa. Naivasha nako tuliona mtaa wa Kihoto ukifurika, watu wanapita kwa boti katikati ya nyumba zao, na kuna walioigeuza hiyo kuwa video ya kuchekesha.

Labda tunaona ni mambo ya mbali kwa sababu sisi tuko juu, mahali pa tambarare, mahindi na maziwa. Basi fikiria iwe hapa. Fikiria maji yameingia Plateau. Hospitali ya misheni imezama, stesheni ya zamani ya reli haionekani, ile hamsini kwa mia aliyonunua babako kwa mkopo wa sako iko chini ya mita tano za maji, na hati miliki yake iko kwenye bahasha, kavu kabisa. Kilichobaki juu ni ncha za mikaratusi. Wewe umepanga chumba Langas. Halafu Jumamosi linakuja gari la vijana kutoka Nairobi, tisheti za rangi moja, wanakodi boti ya mtu uliyesoma naye, wanafika juu ya jikoni kwa mamako, wanazima muziki kidogo, wanapiga picha na mikaratusi. Kapsheni: amani tupu.

Uasin Gishu hatuhitaji hata kufikiria mbali. Mwaka 2008 uwanja wa maonyesho wa Eldoret ulijaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Tunajua mtu aliyepoteza boma anavyotembea mjini, anavyosalimia watu. Kama angetokea mtu wakati ule akauza tikiti za kutazama nyumba zilizochomwa, tungemtoa mbio. Tofauti ya Baringo ni kwamba maji hufunika vizuri kuliko majivu. Uso wake unang'aa, na jioni unageuka rangi ya dhahabu. Mtu anaweza kupita juu ya hasara ya kijiji kizima na asione doa.

Kwa hiyo nina madai, na si mengi.

Kwa wanaopanga safari: taja majina. Mzee wa boti aeleze, kama anapenda, ziwa lilikuwa linaishia wapi na nani alikuwa anakaa wapi. Mlipe kama msimulizi, si kama dereva tu. Ukiweza kununua spika ya elfu thelathini, unaweza kumwongezea elfu moja. Na acheni kuita mahali hapo hazina iliyofichika. Haikufichika. Ilizama, na wenyewe wanaijua.

Kwa kaunti: mgeni anatozwa ada getini Kampi ya Samaki. Bandikeni pale getini, kwa Kiswahili, ni kiasi gani kilikusanywa na ni kiasi gani kiliwafikia waliohama. Karatasi moja ukutani, basi.

Kwa waandishi wenzangu wa kulipwa kwa maneno: ile aya, tuipiganie. Mimi sikuipigania. Niliambiwa toa, nikatoa, kwa bei ya maharagwe na unga wa wiki mbili. Sijivuni. Lakini najua kwamba mteja huyo hakuwa na mwandishi mwingine siku ile, na kama ningesema aya inabaki, huenda ingebaki. Tunapenda kusema hatuna nguvu. Mara nyingine tunayo, ni kwamba kodi imefika.

Na kwako unayeenda wikendi hii, kwa sababu utaenda, na uende. Pale ni pazuri, nimeshasema. Mpigie tai kelele. Lakini mkifika kwenye miti mikavu na mzee akapunguza injini, weka simu chini kidogo umuulize mambo matatu. Hapa palikuwa nini? Palikuwa kwa nani? Wako wapi sasa? Kama hataki kusema, muache, ni haki yake. Akisema, sikiliza mpaka mwisho. Na mkishuka, mpe yeye pesa mkononi mwake, usipige bei.

Ile picha yangu bado iko. Niliwaza kuifuta, nikaona kufuta ni kufunika mara nyingine. Nimebadilisha kapsheni. Sasa inasema: hapa ni kwa watu.